Musilaumu wazazi, tengenezeni njia ya masomo

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, wazazi, walimu, na ninyi wakubwa wa muji munaotusoma kimya kimya (tunajua munatusoma),

Kila mara mtoto anapogongwa akienda ku masomo, hotuba iko moja. Mkubwa anafika na gari yake ya vioo vyeusi, anasema pole kwa familia, kisha anaongeza: "Tunaomba wazazi wachunge watoto wao mu barabara." Watu wanaitika kwa kichwa. Matanga inafanyika, bukari inapikwa, watu wanatawanyika. Kesho yake saa moja ya asubuhi watoto wa shule ileile wanavuka pahali palepale, na makamyo inapita mbio ileile.

Neno hilo, "wazazi wachunge watoto wao", limetuchosha. Linamkosea heshima mama mwenye kufiwa, lakini ubaya wake haushie pale. Linageuza kifo cha mtoto kuwa kosa ya nyumba, kumbe kosa iko mu barabara, na barabara iko na mwenyewe. Kuna mutu aliichora. Kuna mutu aliilipa. Kuna mutu alikata utepe na mukasi mbele ya kamera. Siku ya utepe wote wako pale. Siku ya jeneza, anabaki mzazi peke yake na lawama yake.

Na huyo mzazi ni nani? Ni mama anayetoka saa kumi ya usiku kwenda kutafuta mikate ao mboga ya kuuza. Ni baba aliyeingia kazi ya usiku na hajarudi bado. Watoto wanajiamsha, wanajiosha, wanavaa bleu-blanc yao, mkubwa anashika mkono wa mdogo, wanaenda. Hakuna gari ya kuwapeleka na hakuna franga ya taksi kila siku. Mu muji huu watoto wengi wanaenda ku masomo na miguu, na wakubwa wa muji wanalijua hilo, sababu wengi wao walienda vilevile.

Basi sisi tuliamua kuacha kubisha mu simu, tukaenda kuangalia. Tulichagua shule tatu, mbili mu komini Annexe na moja mu Kampemba. Hatutaji majina yake, maana walimu wake walitupokea vizuri na hatutaki waitwe na mtu juu yetu. Tulifanya kitu kimoja tu: tulitembea pamoja na watoto, toka mu lupango mpaka ku mulango wa kalasi, bila kuwaelekeza.

Asubuhi moja tulitoka na watoto watano wa lupango moja, saa kumi na mbili na nusu. Kiongozi wao alikuwa binti wa mwaka wa sita, mwenye miaka kumi na moja, na mkono mmoja kwa kila mdogo wake. Mwanzo ni udongo, njia ya mtaa, na huko hakuna shida. Watoto wanaimba, wanasalimia watu, wanapiga mpira wa makaratasi. Dakika kumi hivi. Kisha tunafika ku gudroni, na wimbo unakwisha. Hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Pembeni ya gudroni kuna kanivo. Zamani ilifunikwa, leo vifuniko vingine vimevunjika, vingine vimeibiwa, na mu masika hauoni shimo iko wapi, maji inafunika yote. Juu ya hiyo watoto hawapiti juu ya kanivo. Kuna trotwari pia, kama unaweza kuita vile: gari mbili zimesimama juu yake, lundo la mchanga wa mtu anayejenga, kibanda cha kuuza yuniti, kisha lundo lingine la matofali. Kila kizuizi kinawashusha watoto mu barabara, metre tano, metre kumi, wanapanda tena, wanashuka tena. Wale wanaochora mipango mu ofisi wataandika kwamba barabara ile "iko na trotwari". Watoto hawakuitembelea hata nusu.

Kisha kuvuka. Mistari nyeupe ilikuwako siku moja. Ukiinama vizuri unaona bado rangi kidogo. Binti alisimamisha kikosi chake. Kamyo ya kwanza, ya pili, taksi, kamyo tena. Mwishoni bisi moja ilisimama, dereva akawapa ishara ya mkono wapite. Sisi wakubwa, watu wa diploma, tulishuka mara moja kwa furaha. Yeye akabaki palepale, akavuta wadogo zake nyuma. Moto ikachomoka ku upande wa ile bisi na mbio yake yote, ikapita mbele ya pua yetu.

Tulimuuliza alijua namna gani. Akajibu bila hata kutuangalia: "Inatokaka nyuma ya bisi kila siku."

Sasa wakubwa watuambie: mtoto huyo achungwe namna gani tena? Anachunga vizuri kuliko sisi. Alishajifunza akili ya barabara ambayo watoto wa miaka kumi na moja hawapaswe kuwa nayo. Lakini anahitaji kushinda kila siku, mara mbili kwa siku, na barabara inahitaji kushinda mara moja tu.

Tunawaambia pia kuhusu saa, sababu hakuna anayeiongelea. Toka mwaka wa masomo wa 2019, shule za msingi za serikali ni bure mu inchi yote. Ni haki iliyoandikwa mu Katiba ya 2006, artikolo ya 43, na sisi tuliidai, hatutaiacha. Watoto wakaja kwa wingi. Madarasa ikajaa, shule nyingi zinafundisha zamu mbili, asubuhi na nyuma ya saa sita. Kwa hiyo karibu ya saa saba mchana, mbele ya mulango mmoja mwembamba, wale wanaotoka wanakutana na wale wanaoingia. Umati wa watoto unamwagika mpaka katikati ya gudroni. Tulijaribu kuhesabu moto zinazobeba watoto watatu ao wanne, tukachoka, tukaacha. Zamu ya pili inatoka karibu saa kumi na mbili kasoro, na mu mwezi wa sita jua letu linazama mapema: wanatoka kalasi na mwanga, wanafika nyumbani na giza, mu barabara isiyo na taa. Serikali ilifungua mulango wa shule na ikasahau kwamba kuna njia ya kufikia ule mulango. Wakati wa kupanga madawati na mishahara, hakuna aliyeuliza: hawa watoto wote watapita wapi?

Na tuseme juu ya kinga. Wanafunzi wa sekondari wa pembeni ya muji wanakuja na kinga, wawili juu ya moja, mwenzake amekaa ku porbagaji na vitabu vya wote wawili mikononi. Wanagawana ukingo wa barabara na wale baba wa makala, wanaosukuma kinga yenye magunia marefu kuwapita wenyewe. Kamyo ikipiga honi, baba wa makala hawezi kushuka upesi, mzigo utaanguka. Mwanafunzi njo anashuka, mu mchanga, ao mu kanivo. Kinga inalisha muji huu, inapika bukari yetu, inafundisha watoto wetu, na barabara zetu zimechorwa sawa vile haiko.

Tunajua mtasema: subirini, gudroni inakuja. Tunaipenda gudroni, tuliandamana juu yake zaidi ya mara moja. Lakini tulijifunza jambo moja lenye uchungu. Wakati njia ilikuwa udongo na mashimo, gari ilipita polepole. Shimo njo ilikuwa dodani yetu. Gudroni ikifika bila dodani, bila trotwari, bila pahali pa kuvukia, kinachofika kwanza ni mbio. Mwendo si jambo la maoni. Gari ndogo yenye freni nzuri, ikitembea kilometre 30 kwa saa, inahitaji karibu metre 12 kusimama kabisa. Ikitembea 50, inahitaji karibu mara mbili yake. Hapo tunaongelea gari nzuri ku njia kavu. Kamyo iliyojaa, mu mvua, na tairi zile tunazozijua, tusiongelee hata. Mu metre zile za katikati njo kunasimama mtoto. Njo maana mu mwaka 2020 mawaziri wa inchi nyingi waliokutana Stockholm waliandika kwamba pale ambapo watu wa miguu na kinga wanachanganyika na magari, mwisho uwe 30. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabara njo zinaua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kuliko kitu kingine chochote. Si malaria, si SIDA. Barabara. Ni sisi wenyewe, miaka yetu.

Na huku kwetu barabara iko na mzigo wa pekee. Shaba na kobalti za Kolwezi, Fungurume na Likasi zinashuka kwa makamyo, zinapita mu muji wetu kwenda Kasumbalesa. Asidi na mashini zinapanda kwa njia ileile. Mwezi wa pili 2019, karibu na Tenke, kamyo ya asidi iligongana na bisi, watu karibu 20 wakafa, na wengine wakaungua. Dunia nzima iliandika siku mbili. Ile njia watoto wanaendelea kuitembelea pembeni yake kila asubuhi.

Makamyo mengi yanakwenda mpaka bandari ya Dar es Salaam. Madereva wake wengi ni Watanzania, tunaongea nao ku parking Kiswahili, wao ile safi, sisi hii yetu ya kuchanganya, na tunaelewana. Basi tufuate kamyo mpaka mwisho wa safari, maana kule Dar kuna jambo la kuiga. Shirika moja, Amend, lilianzisha huko mpango unaoitwa SARSAI. Wanatafuta kwanza shule ambazo watoto wake wanagongwa zaidi. Wanatembea njia na watoto, sawa vile tulivyofanya sisi, ila wao wako na metre na kalamu. Kisha wanajenga vitu vidogo: trotwari ya miguu, dodani mbele ya shule, mistari ya kuvukia, vigingi vya kuzuia gari zisipande pembeni, vibao. Na mara nyingine wanafanya jambo ambalo lilitushangaza kwa urahisi wake: wanahamisha mulango. Shule ilikuwa inafunguka ku barabara kubwa. Wanatoboa ukuta ku upande wa mtaa wa nyuma, wanafunga mulango wa mbele, na umati wa saa saba mchana hauanguki tena mu makamyo. Watafiti walilinganisha shule zilizotengenezwa na zile ambazo bado, wakakuta watoto wanaoumia wamepungua kwa karibu robo. Mu 2019 mpango ule ukapata tuzo ya WRI Ross Prize for Cities, mbele ya miji mikubwa yenye metro na mabilioni.

Kati ya shule tatu tulizozitembelea, mbili ziko na mtaa mtulivu nyuma ya ukuta. Mbili! Mulango ni matofali, simenti na fundi mmoja wa siku tatu. Mtuambie sasa kwamba hamna franga.

Maana wimbo wa "hakuna franga" tunaujua, tunaweza kuuimba kwa sauti nne. Toka 2008 kuna FONER, mfuko wa kutunza barabara: kila anayenunua mafuta anaulipa, hata motar anayeweka litre moja. Kanuni ya migodi ya 2018 inasema kwamba mu redevansi ya migodi, asilimia 25 inaenda kwa provensi na asilimia 15 kwa entite ambako wanachimba. Mu Katanga hii hatuchimbi mihogo. Barabara inayoharibiwa na shaba, shaba iitengeneze, na ianze mbele ya shule. Tunataka kuona hesabu: franga gani iliingia, dodani gani ilitoka.

Wengine, hata kati yetu, wametuuliza: "Ku Mashariki bandugu yetu banakufwa na vita, ninyi muko munaongelea trotwari?" Swali hilo linatuuma, hatulikimbie. Lakini vita haijamkataza hata mkubwa mmoja kujenga ukuta wa nyumba yake. Vita haijasimamisha hata kamyo moja ya shaba. Isisimamishe tu dodani. Na mama wa Annexe aliyezika mtoto wake halii kidogo kuliko mama mwingine.

Sasa tuweke jambo moja wazi kabla halijageuzwa dhidi ya watu. Tukisema "fungueni trotwari", tunajua kitakachotokea: operesheni. Polisi watafika asubuhi, watavunja vibanda, watamwaga nyanya za mama mu kanivo, watakunja mifuko, na nyuma ya wiki mbili gari za wakubwa zitasimama pale palipokuwa nyanya. Tulishaona, si mara moja. Hapana. Yule mama anayeuza mikate mbele ya shule mara nyingi njo mchungaji wa kwanza wa watoto. Ndiye anayepiga kelele gari ikija. Sisi tunachodai ni upana. Mama abaki ku upande wa ukuta, watoto wapite katikati, na gari ikae kwake, mu barabara. Yule wa kuondoa kwanza ni mwenye gari. Iko na tairi, inaweza kutembea.

Na sisi wenyewe? Wengi wenu munaosoma hii muko juu ya moto saa hii. Ile moto iliyochomoka nyuma ya bisi haikuendeshwa na waziri. Iliendeshwa na kijana sawa sisi, pengine mtu anayeshiriki matangazo yetu. Tunajua versement ya patron inangoja jioni, tunajua dakika moja ni franga. Lakini hatuwezi kusimama mbele ya ofisi ya muji na kelele zote, kisha kupita mbele ya shule na 60 tukirudi. Kuanzia leo, motar yeyote wa kwetu akifika mbele ya shule anashuka mpaka mwendo wa mtu anayekimbia, na bisi ikisimama kupitisha watoto, naye anasimama nyuma yake. Tutaaibishana wenyewe kwa wenyewe, mu grupu zetu, kabla ya kuaibisha wengine.

Kwa wakubwa tunasema hivi. Anzeni na shule zile ambako watoto walishakufa. Mitaa inazijua, ulizeni. Mbele ya kila moja, dodani mbili, moja kila upande, na kilometre 30 iandikwe ku kibao na ilindwe. Funikeni kanivo, maana kanivo iliyofunikwa vizuri ni trotwari tayari, inakinga maji na inabeba watoto. Makamyo ya mizigo yasipite mbele ya shule saa ya kuingia na saa ya kutoka. Saa zile ni chache, shaba itangoja, iliishangoja chini ya udongo miaka mingi. Na rulaji: mu masaa yale, wachache wa wale polisi tunaowaona ku kila rond-point wakiomba dokima, wasimame mbele ya shule. Huko hakuna franga ya kuokota, tunajua. Njo tutaona nani anapenda kazi.

Halafu, kabla ya kuchora barabara mpya yoyote mu muji huu, mtu wa OVD na mtu wa komini watembee asubuhi moja na watoto wa pale. Na miguu. Bila polisi wa kuwafungulia njia.

Hatutaishia kwa kuandika hapa. Artikolo ya 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka petisyo kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka iko na miezi mitatu ya kujibu. Hatuombi huruma, tunaanzisha saa. Petisyo itakuwa na karatasi moja kwa kila shule: mulango uko wapi, watoto wanavukia wapi, kanivo gani iko wazi, mtaa gani uko nyuma. Tutaipeleka ku ofisi ya muji na tutaomba muhuri wa mapokezi, na siku ile ya muhuri njo tutaanza kuhesabu.

Tayari tuko na shule tatu. Kenya, Katuba, Ruashi, Kamalondo, bado hamjatuma kitu. Siku ya posho hii, saa mbili ya asubuhi, tunakutana kwa kugawana mitaa. Pahali mtapashwa mu grupu za komini. Kila kikosi kiwe na watu wanne, na angalau mmoja awe mzazi ao mwalimu, watoto wasituogope. Usivae nguo ya siasa. Usipige picha ya uso wa mtoto. Lete daftari, kalamu na kamba ya metre kumi yenye mafundo, na yeyote mwenye deka-metre ya kazi ya ujenzi atuambie mbele, maana mpaka sasa tuko na moja tu, na iliishakatika ku metre ya kumi na tatu.